Nani Ajifunze Lugha ya Mwenzake?

Chukua kompyuta ya kubebeka ya mwaka wa 1984, tuseme ile IBM Portable PC nambari 5155, halafu utafute njia ya kupeleka picha yake hadi kwa monita mpya uliyonunua juzi. Ukishamaliza kuhangaika na vichwa vya kebo, washa. Monita itabaki nyeusi kwa sekunde chache, kisha itaandika ujumbe mfupi katikati: hakuna ishara. Nyingine zina adabu kidogo, zinasema ishara iko nje ya kiwango. Halafu zinalala.

Ni ule ujumbe wa kwanza unaonisumbua, manake si kweli. Ishara ipo. Kompyuta ile inachora mistari kama 15,700 kila sekunde, vile imekuwa ikichora tangu itoke kiwandani. Monita nyingi za leo nazo hazisikilizi kitu kilicho chini ya mistari 30,000 hivi kwa sekunde. Ilichofaa kusema ni, "kuna kitu nasikia lakini sikielewi." Badala yake inasema hakuna kitu. Imeshindwa kuelewa, ikaamua mwenzake hayupo.

Swali langu linaanzia hapo. Vizazi viwili vikikutana na visielewane, mzigo wa kuelewana ni wa nani? Nani ajifunze lugha ya mwenzake? Nimeamua tulijadili kwa vyuma kwanza, kwa sababu vyuma havina hasira na havitakuuliza kwani wewe ni mtoto wa nani. Watu watakuja baadaye.

Tujue kwanza tunaongea kuhusu nini. Ukisikia "kompyuta ya kubebeka" ya miaka hiyo, usifikirie hiyo laptopu yako nyembamba. Osborne 1, iliyotoka Marekani mwaka wa 1981, ilikuwa na uzito wa kilo kama 11, na ikifungwa ilifanana na cherehani ndani ya sanduku lake. Skrini yake ilikuwa ya inchi 5. Ndiyo, ndogo kuliko ya simu yako. Ilionyesha herufi 52 kwa mstari, kwa hivyo mtu akiandika barua ya upana wa kawaida alilazimika kusukuma ukurasa kushoto na kulia ili aone alichoandika. Compaq Portable, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1983, ilikuwa na skrini ya kijani ya inchi 9 na uzito wa kilo 13 hivi. Ile IBM ya 1984 ilikuwa na inchi 9 pia, rangi ya kaharabu. Zote hizo ni skrini za kioo kizito chenye mgongo, ndugu za zile TV za Great Wall ambazo wengi wetu tulizikuta nyumbani. Toshiba T1100 ya mwaka wa 1985 ndiyo ilianza kufanana na laptopu tunayoijua: kifuniko cha kukunja, skrini ya LCD. Lakini skrini hiyo haikuwa na taa nyuma yake. Ukikaa gizani, pole.

Waliounda mashine hizi walijua vizuri kwamba skrini zao hazitoshi. Ndiyo maana waliziachia mlango. Osborne ilikuwa na sehemu mbele ya kuunganisha monita ya nje. Compaq ilikuwa na matundu ya picha. Ile IBM, ndani yake kuna kadi ileile ya CGA iliyotumika kwenye kompyuta za mezani. Kwa hivyo mtu wa leo anayetaka kuona picha ya Compaq kwenye skrini kubwa hajabuni ujinga mpya. Anatumia mlango uliowekwa na mwenye nyumba.

Na siku hizi mlango huo unahitajika kuliko wakati wowote, kwa sababu kwenye mashine hizi skrini inaweza kufa kabla ya ubongo. LCD za zamani zina utando unaochuja mwanga, na utando huo ukizeeka hubanduka, huweka madoa, wakati mwingine hata hutoa harufu ya siki. Skrini za kioo nazo hufifia, au vipuri vinavyozilisha umeme huchoka. Huku nyuma bodi bado inafanya kazi, kumbukumbu bado inashika, diski bado inasomeka. Unabaki na mashine inayofikiri vizuri kabisa lakini haiwezi kukuonyesha inachofikiria.

Kuna mtu atasema: si uchomoe tu diski, unakili yaliyomo, yaishe? Mara nyingine hiyo inatosha, na ni jambo la kwanza la busara kufanya. Lakini si kila kitu ni faili. Kuna maandishi yaliyohifadhiwa na programu ambayo leo ni mashine ileile tu inayojua kuyafungua. Kuna mchezo, mchoro, au hesabu ambayo maana yake iko katika kuonekana ikitembea. Ukinakili bila kuona, umehamisha kaburi tu.

Basi turudi kwa lugha zenyewe. CGA ya mwaka wa 1981 huzungumza kwa waya nne za rangi: nyekundu, kijani, buluu, na ya nne ya kuongeza mng'ao. Kila waya ama imewashwa ama imezimwa, hakuna katikati. Ukizichanganya unapata rangi 16, basi. VGA iliyokuja mwaka wa 1987 ilitupa utaratibu huo. Ina waya tatu za rangi ambazo nguvu yake hupanda na kushuka polepole kama sauti, na mistari yake ni kama 31,500 kwa sekunde. HDMI, ambayo kanuni zake za kwanza zilitoka Desemba 2002, haipandishi wala kushusha chochote, inatuma nambari. Hivyo ni vizazi vitatu, na hakuna anayemwelewa mwenzake akiachwa peke yake.

Ndiyo maana ukienda Luthuli Avenue na laptopu yako ya ex-UK yenye tundu la VGA, ukitaka kuiunganisha na TV, fundi mwaminifu hatakuuzia waya mtupu. Atakuuzia kisanduku kidogo chenye chipu ndani. Waya hubeba, haitafsiri. Chipu ndiyo inayosikiliza VGA na kuisema upya kwa HDMI. Lakini kisanduku hicho kilifundishwa VGA tu. Mpe CGA na atarudi kwa wimbo uleule: hakuna ishara. Mbaya zaidi, tundu la pini 9 la picha linafanana sana na tundu la pini 9 la modemu, na waya za CGA hubeba takriban volti 5 ilhali VGA hutarajia kama volti 0.7. Ukilazimisha, unaweza kuchoma kitu. Kufanana mdomo si kuzungumza lugha moja.

Wapenzi wa mashine hizi wamepata njia nzuri. Kuna mradi wa bure unaoitwa RGBtoHDMI, ulioanza kwa ajili ya BBC Micro, kompyuta ya Uingereza ya mwaka wa 1981, kisha ukapanuliwa hadi kwa nyingine. Unatumia Raspberry Pi Zero, kile kikompyuta cha bei rahisi kinachotoshea kiganjani, pamoja na chipu ndogo inayokaa katikati. Kifaa hicho husikiliza waya za mashine ya zamani na kuchukua kila nukta kwa wakati wake hasa. Kisha hujenga picha nzima ndani yake na kuituma kwa HDMI. Mashine ya zamani haijaguswa. Haijabadilishwa hata skrubu. Inaendelea kuongea vile imezoea, na kijana mmoja mwenye subira amekubali kujifunza.

Mimi naona mpangilio huo ni sahihi, na si kwa sababu ya umeme peke yake. Kasi ya ile IBM imefungwa kwenye kristali iliyochomelewa kwenye bodi. Haiwezi kuongeza mistari yake hadi 31,500 kwa sababu mtu amemwomba. Ukiilazimisha ibadilike, unaiomba iache kuwa yenyewe. Raspberry Pi Zero nayo inaweza kuwa karibu kitu chochote: leo redio, kesho kamera, kesho kutwa mkalimani wa CGA. Kati ya hao wawili, ni mmoja tu anayeweza kusogea. Basi asogee huyo. Mzigo wa kuelewana unamfuata mwenye uwezo wa kubadilika.

Angalia kwamba sijasema mzee aheshimiwe kwa sababu ni mzee. Hiyo hoja tumeisikia, na wengi wetu imetuchosha, manake mara nyingi hutumiwa kumnyamazisha kijana mwenye swali zuri. Hoja yangu haijali umri. Kama ingekuwa mashine ya zamani ndiyo inayoweza kujifunza na monita ndiyo isiyoweza, ningegeuza mzigo papo hapo.

Lakini kuna pingamizi la kweli hapa. Mtu atauliza: tangu lini uwezo ukawa wajibu? Mimi naweza kujifunza Kifini. Nina akili, nina bando, nina jioni kadhaa kwa wiki. Hiyo haimaanishi nina deni kwa kila Mfini duniani. Vilevile hakuna anayelazimika kununua Osborne na kuitafutia monita.

Nakubali. Uwezo peke yake hauleti deni. Deni linakuja pale unapokuwa mlango wa pekee. Zamani kila mashine ilikuwa na monita za rika lake, na ile moja ikikataa nyingine ingekubali. Leo monita za CGA zimebaki chache, nyingi ziko kwa wakusanyaji, na dirisha lililobaki kwa wengi wetu ni skrini za HDMI. Ukiwa dirisha moja kati ya mia, kutoelewa kwako ni udhaifu wako tu. Ukiwa dirisha la mwisho, kutoelewa kwako kunakuwa hukumu kwa aliye upande wa pili. Hapo ndipo "hakuna ishara" inakuwa uongo unaoumiza. Mwenye kukaa mlangoni anadaiwa kusikiliza, kwa sababu amechukua nafasi ambayo wengine hawana tena.

Kuna njia nyingine ambayo watu huichukua, na inapendeza sana kwenye picha. Unang'oa kila kitu ndani ya Compaq, unatupa bodi, unatupa kile kioo, kisha unaweka LCD mpya na kompyuta ya kisasa ndani ya ganda lile la zamani. Kwa nje ni 1983, kwa ndani ni juzi. Kama bodi ilikuwa imekufa kabisa, sina neno. Bora ganda litumike kuliko litupwe. Lakini kama ilikuwa nzima, hapo umehifadhi sura na kutupa sauti. Ni kama kumketisha mzee jukwaani apigwe picha, halafu hotuba isomwe na mtu mwingine.

Wanaotunza vitu vya makumbusho wana kanuni moja inayofaa hapa: ukiweza, usifanye jambo ambalo atakayekuja baada yako hawezi kulirudisha. Skrini ya nje inatii kanuni hiyo. Kesho mtu akipata mkalimani bora kuliko wako, anachomoa chako na kuchomeka chake. Mashine bado iko pale.

Sasa, kusema kijana ajifunze lugha ya mzee ni rahisi. Kuijifunza vizuri ni kazi nyingine, na hapa vyuma vinatufunza kitu ambacho hotuba za maadili huwa zinaruka.

Chukua rangi ya kahawia. Kwenye CGA, ukiwasha waya nyekundu na ya kijani bila ule mng'ao, kihesabu unapata manjano iliyofifia, rangi mbaya kama mchuzi uliochacha. IBM hawakuipenda. Kwa hivyo ndani ya monita yao ya rangi, ile 5153, waliweka sakiti inayotambua mchanganyiko huo mmoja tu na kupunguza kijani, ili mtazamaji aone kahawia. Mkalimani anayefuata waya neno kwa neno ataonyesha manjano chafu, na ataapa kwamba hajaongeza wala kupunguza. Atakuwa amesema kweli kuhusu waya na amekosea kuhusu picha. Kahawia haikuwa kwenye waya. Ilikuwa kwenye makubaliano kati ya mashine na monita yake. Anayejua makubaliano hayo ndiye anayetafsiri, mwingine anakariri.

Au chukua umbo. CGA ya kina zaidi ina nukta 640 kwa upana na mistari 200 kwa urefu, lakini iliundwa ionekane kwenye skrini ya uwiano wa 4 kwa 3. Maana yake ni kwamba kila nukta ilikuwa ndefu kuliko upana wake, zaidi ya mara mbili. Monita ya leo hupenda nukta za mraba. Ukiiachia iamue, itaponda picha au kuivuta hadi ijaze upana wote, na duara lililochorwa na mtu miaka 40 iliyopita linakuwa yai. Hapo hakuna neno hata moja lililobadilishwa. Kila nukta ipo. Ni umbo la jumla ndilo limepotoshwa, kwa sababu mwenye skrini pana hakutaka kuacha nafasi nyeusi pembeni. Uaminifu wakati mwingine ni kukubali nafasi tupu.

Kuna la tatu, na hili ndilo gumu. VGA ikiandika maandishi ya kawaida hutumia nukta 720 kwa upana, lakini michezo mingi ya enzi hizo hutumia 640 kwa mistari ileile na kasi ileile. Waya haisemi ni ipi. Monita za LCD hulazimika kukisia, na nyingi hukisia vibaya: herufi zinatoka na miguu minene hapa na myembamba pale, kama mtu aliyeandika akiwa ndani ya matatu. Monita hiyo haina nia mbaya. Ila haijui kwamba inakisia, kwa hivyo haikuulizi.

Na kuna michezo ya miaka ya 1980 ambayo watunzi wake walitumia kasoro kama kalamu. Walichora mistari myembamba myeusi na myeupe wakijua kwamba ikipita kwenye waya mmoja hadi kwa TV ya Marekani, itachanganyika na kuzaa rangi. Ukiipitisha leo kwenye njia safi kabisa, rangi zinatoweka na unabaki na pundamilia. Usafi umefuta ujumbe. Mkalimani mwema inabidi ajue hata uchafu upi ulikuwa wa makusudi.

Sasa watu wanaweza kuingia.

Nchini mwetu kuna wazee wengi ambao hawakuzaliwa hospitalini wala kupewa cheti. Siku ya kuandikishwa kitambulisho, karani anauliza tarehe. Mama anajibu, "Mwanangu, nilizaliwa wakati wa nzige, mvua ikianza." Hiyo ni ishara kamili. Ina msimu, ina tukio, na kijijini kila mtu wa rika lake angeielewa mara moja. Lakini fomu inataka siku, mwezi na mwaka. Karani mwenye haraka, na foleni nyuma imefika barabarani, anaandika 01/01 na mwaka anaokisia. Nzige walikuja zaidi ya mara moja, na karani hakuuliza ni wale wapi. Hakuuliza nani alizaliwa kabla yake na nani baada. Alijaza sehemu iliyokuwa wazi, kama monita inayovuta picha ifike ukingoni.

Miaka mingi baadaye kisio hicho kimekuwa ukweli wenye muhuri. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na kinachoamua ni ile tarehe. Mjukuu anampeleka mama huyo kwa cyber. Kijana wa cyber anaandika nambari, anaangalia skrini, anasema, "Shosho, hapa inasema bado hujafika umri." Shosho anajua kwamba mdogo wake tayari anapokea. Anajaribu kueleza tena habari za nzige. Fomu haina nafasi ya nzige.

Huyo kijana hana kosa la kubuni fomu. Lakini yeye ndiye amekaa mlangoni, na kwa shosho hakuna dirisha lingine mtaa huo. Anaweza kusema "system imekataa," ambayo ni "hakuna ishara" kwa nguo nyingine. Au anaweza kufanya kazi ya mkalimani: aulize ni nzige wapi, amwambie mjukuu kwamba tarehe ya kitambulisho ilikuwa kisio, na awaelekeze kwa chifu wakaanze safari ya kurekebisha. Safari hiyo ni ndefu na huenda isifaulu. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kumwambia mtu hatujakuelewa bado, na kumwambia hakuna ulichosema.

Nikiishia hapa nitakuwa nimewapa vijana mzigo wote, na si haki. Je, wazee hawadaiwi chochote?

Wanadaiwa. Kristali haiwezi kubadilika, lakini inaweza kuachwa na maelezo. IBM ilipotoa kompyuta yake mwaka wa 1981, iliuza pia kitabu cha kiufundi chenye michoro ya sakiti na hata orodha nzima ya programu ya BIOS, mstari kwa mstari. Mambo kama hayo ndiyo yaliyorahisisha kazi ya mtu aliyekaa chini miongo kadhaa baadaye kuunda mkalimani. Mashine haikuweza kujifunza HDMI, kwa kuwa hata haikuwa imebuniwa. Lakini walioiunda waliandika jinsi inavyoongea. Basi deni liko pande mbili, ila halifanani: anayeweza kubadilika ajifunze, na asiyeweza aeleze. Mzee anayekasirika kwamba vijana hawamwelewi, na hajawahi kumweleza mtu chochote zaidi ya "siku zetu mambo yalikuwa sawa," amekataa kulipa sehemu yake.

Na hapa inabidi tujiangalie, kwa sababu sisi pia ni mashine za zamani za mtu fulani. Kanuni za HDMI hazijawekwa wazi kwa kila mtu. Ni za leseni. Mwaka wa 2024 HDMI Forum, chombo kinachosimamia kanuni hizo, kilikataa pendekezo la programu huria ya kuwezesha HDMI 2.1 kwa kadi za AMD kwenye Linux. Simu nyingi mkononi mwetu zina tundu la USB-C lakini hazitoi picha hata kidogo kupitia tundu hilo; mdomo upo, hauongei. Yaliyomo ndani yamefungwa kwa nenosiri, na nenosiri huandikwa kwenye kioo kilekile ambacho kikivunjika ndio basi. Sisemi ulinzi huo ni mbaya. Unatukinga na wezi, na kila mtu Nairobi anajua thamani ya hilo. Lakini tulinganishe kwa uaminifu: ile Compaq ya kilo 13, ikiwa kipofu kabisa, bado inatoa kila kitu kwa yeyote mwenye subira ya kusikiliza. Simu yangu ikipata ajali ileile itakaa kimya mbele ya wanangu hata wakija na subira ya dunia nzima.

Picha za mazishi ya babu, sauti za mama kwenye WhatsApp, daftari la mkopo wa chama, shairi ambalo hukumwonyesha mtu. Vyote viko nyuma ya kioo cha milimita kadhaa, na hatujaandika popote jinsi ya kuvifikia. Tumekuwa wepesi wa kuwauliza wazee kwa nini hawakuandika tarehe zao. Wao walikuwa na nzige, na nzige walionekana na kila mtu.

Kwa hivyo fanya mambo mawili. Ukiwa umekaa mlangoni, iwe ni dukani, kwa cyber, au kwenye kundi la familia ambako wewe ndiye unayejua simu, usiseme hakuna kitu kabla hujauliza mara ya pili. Na yale yako unayotaka yasomwe siku moja, toa nakala mahali ambapo mtu mwingine anaweza kufungua, kisha uandike kwenye karatasi, kwa mkono, ni wapi na vipi. Karatasi hiyo mpe mtu unayemwamini. Asipoelewa maandishi yako, mweleze wakati bado unaweza.